Mizani ya Makhluf

Hara Sghira, kisiwani Jerba, saa nne asubuhi.
Makhluf Haddad amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
na bangili ya bibi harusi imebanwa kwenye jiliwa.
Mimi nina daftari.
Nimetoka Tunis, chuo kikuu, na kalamu za rangi tatu:
nyekundu ya mkazo, kijani ya takriri,
buluu ya yale nisiyoyaelewa.

"Hesabu," ananiambia. Nahesabu.
Hazikai. Mstari huu silabi saba, mwenzake tisa,
wa tatu unachechemea kama punda wa muuza chumvi.
"Na vina?"
Havina vina, namjibu.
Anacheka hadi miwani ya juu inadondoka.
"Havina vina, vina kina.
Sikiliza nyundo."

Ta.
         Ta.

Pigo la kwanza linaifungua fedha.
La pili halirudii, ingawa sikio ladhani linarudia:
linatua unywele mmoja pembeni,
na hapo katikati,
baina ya jambo lililosemwa
na jambo lilo hilo lililosemwa tena,
bangili inapata mviringo.
Natoa kalamu ya kijani. Nairudisha.

Akilehemu, huimba.
Zaburi moja, Ijumaa ina mahadhi ya arusi;
wiki ya maombolezo, mahadhi yale yale
yamevuliwa viatu.
Na tuni za kale, zile za hekaluni?
"Limebaki jina la tuni juu ya ukurasa,
ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.
Sisi tunaufunguo. Twaubusu, tunajenga mlango."
Na hili neno, Sela?
"Wako wasemao pumzika, wako wasemao paza.
Mimi huweka nyundo chini nikanywa chai."

Siku ya tano tukaifikia ile ya alfabeti,
kila mstari na herufi yake:
alefu, beti, gimeli, zimejipanga kama watoto wa shule,
hadi mimu. Kisha sameki.
Nuni iko wapi?
Nikamweleza nilivyosoma: labda mnukuzi alisinzia,
iko hati ya kale yenye mstari huo,
wataalamu hawajakubaliana.
Makhluf akapuliza vumbi la fedha lililokaa mizanini.
"Haikupotea," akasema. "Imetoka kidogo."
Ghorofani mkewe, Nejma, alikuwa akikohoa.

Nilirudi mwezi wa pili.
Duka limefungwa, jiliwa haina kitu mdomoni.
Makaburini kulikuwa na upepo na wanaume kumi,
idadi kamili, hakuzidi hata mmoja,
nami ukutani na shali yangu,
niliyekuja kuhesabu,
nisiyehesabiwa.

Walisoma ile zaburi ndefu kuliko zote,
ambayo kila herufi ina mistari minane,
wakaokota herufi za jina lake tu,
wakimwendeleza.
Nuni.
Ilikuwepo! Minane yote, moto mbichi,
ile iliyokosekana kule ilikuwa hapa, imejaa tele,
imeketi kama mwenye nyumba.
Gimeli. Mimu. He.
Mistari thelathini na miwili: hilo nililijua baadaye,
kwenye kivuko, kwa vidole.

Sauti ya Makhluf haikuwa ya sinagogi.
Ilikuwa ya dukani,
pigo, na pigo la pembeni yake.
Mwisho wa nuni alinyamaza,
na watu tisa wakakaa ndani ya ule unyamavu
bila kumharakisha.
Mkono wake wa kulia ulishuka polepole,
kama uwekao kitu chini.

Tasnifu yangu, sura ya nne, ina jedwali.
Profesa ameandika kando kwa wino mwekundu:
safu ya nuni umeiacha wazi, ijaze.
Bado.
Kila nikiikaribia na kalamu ya buluu
nasikia mtu juu ya ngazi,
anakohoa, anateremka.